Chewa wa Afungi na raha ya mshipi wa mkono

WATU wengi wakilisikia jina la Afungi siku hizi hufikiria gesi, askari na mabilioni ya dola. Mimi nikilisikia hufikiria chewa.

Humfikiria samaki yule mnene, mwenye mdomo mpana na madoa ya kahawia, akiwa amejibanza pangoni mwake chini ya pima kumi na mbili za maji. Juu yake niko mimi ndani ya ngalawa, mshipi umenichana kidole, na mzee mmoja ananicheka hadi machozi yanamtoka. Ilikuwa Novemba 2009. Nimevua sehemu nyingi kabla na baada ya hapo, kuanzia Mikindani hadi Mafia, lakini sijapata kufurahi baharini kama nilivyofurahi siku ile.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu Afungi tangu wakati huo ni habari za hasara au za faida. Ni habari za kweli, nami nitazigusa. Lakini mtu asiyeijua raha ya mahali hawezi kuelewa sawasawa ni kitu gani kimepotea pale, na kwa hiyo nitaanza na raha.

Afungi ni rasi iliyoko wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Kwa sisi wa Mtwara si mbali. Ukivuka Mto Ruvuma na kupita Kionga unafika Palma, mji mdogo unaotazama ghuba pana ambayo wazee bado wanaiita Tungi. Kaskazini mwa ghuba hiyo iko Rasi Delgado yenyewe, iliyoupa mkoa jina. Kusini mwake iko Afungi.

Tungi ilihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1887, zama za Seyyid Barghash, Wareno walipoichukua kwa nguvu. Kionga nayo ilikaliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Wakubwa waligawana nchi kavu, lakini wavuvi wa pande zote mbili waliendelea kuoleana, kukopeshana nyavu na kuzikana.

Nilikwenda kwa mwaliko wa rafiki yangu wa Mtwara, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyekuwa akivuka Ruvuma mara kwa mara kufuata ng'onda. Tulivuka kwa boti kutoka Kilambo, tukapanda nyuma ya gari la mizigo, na tukafika Palma vumbi limetupaka nywele mvi. Pale mtu wa Tanzania hapotei. Watu huzungumza Kimwani, Kimakwe na Kimakonde, ofisini ni Kireno, lakini Kiswahili unakisikia sokoni na barazani. Kimwani chenyewe kimekaribia sana Kiswahili, hata nilikuwa nikielewa nusu ya sentensi na nusu iliyobaki nikiikisia.

Fimbo ya kuvulia picha

Rafiki yangu alinipeleka kijiji kimoja cha wavuvi upande wa rasi, kwa nahodha aliyekuwa na umri wa miaka sabini au zaidi kidogo. Mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa njaa, ila hakukumbuka ni njaa ipi. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," huku macho yake yakiwa kwenye mzigo niliobeba begani.

Nilikuwa nimenunua Dar es Salaam fimbo ya kisasa ya kuvulia, yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Niliigharimia nusu ya mshahara. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipindapinda, akazungusha kigurudumu mara tatu, kisha akairudisha kwa upole.

"Nzuri," alisema. "Hiyo ni ya kuvulia picha."

Mjukuu wake, mtoto wa miaka kama kumi na miwili, alicheka kwa kujificha nyuma ya mlango. Fimbo ile ililala nyumbani kwao siku zote nilizokaa Afungi.

Nilichopewa badala yake kilikuwa mshipi mnene wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, ndoana moja kubwa, chubwi la risasi, na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli cha kuvalisha kidole cha shahada. Chambo kilikuwa mkono wa pweza. Vyote viliingia katika kopo moja la rangi. Nilipouliza kama hakuna kingine cha kubeba, mzee alinijibu kwamba kilichobaki kiko kichwani.

Kilichokuwa kichwani kilianza na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Katika pwani ile tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita tatu. Bahari hukauka mbali, na kina mama hutoka na vijiti vyao kutafuta pweza na kombe miambani. Kwa mvuvi wa mshipi bamvua ni adha, kwa kuwa mkondo huuvuta mshipi ukalala kama kamba ya kuanikia nguo na chubwi halifiki chini. Mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, bahari inatulia, na mshipi unashuka wima mpaka mlangoni kwa chewa.

Upepo nao una zamu zake. Kusi ilikuwa imekwisha kukata na kaskazi haijaanza. Ni kipindi cha tanga mbili, wakati bahari ya upande ule hulala kama mafuta kwenye sahani. Mzee alikuwa amesubiri juma zima vitu hivyo viwili vikutane, maji mafu na tanga mbili. Hakuwa na saa wala kalenda nyumbani kwake.

Alfajiri na umande

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watu watatu, tukisukumwa na umande, ule upepo mwembamba utokao nchi kavu kabla ya jua. Mtoto alikaa omo, mimi katikati, mzee shetri na kasia lake la kuongozea. Kazi niliyopewa ilikuwa kutoa maji ngalawani kwa kata na kutoegemea matengo.

Kulipopambazuka niliona mahali nilipo. Nyuma yetu ulikuwa ufuo mweupe usio na nyumba hata moja, mivinje ikiinama juu yake, na nyuma ya mivinje minazi. Penye vijito kulikuwa na mikoko. Mbele yetu visiwa vya Tecomaji na Rongui vilikuwa kama mistari miwili ya kijani iliyochorwa juu ya maji. Chini ya ngalawa matumbawe yalionekana wazi, ya rangi ya samli, ya zambarau na ya kutu, pono wakiyatafuna na tasi wakipita makundi kwa makundi. Kasa mmoja aliinua kichwa, akatutazama kama mzee aliyeamshwa usingizini, akazama.

Kuna sababu ya bahari ile kuwa na uhai mwingi hivyo. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki na kupita kaskazini mwa Madagaska hugonga bara la Afrika karibu na eneo hilo na kugawanyika. Maji mengine hushuka kusini kuingia Mlango wa Msumbiji, na mengine hupanda kaskazini kuja kwetu. Kwa maneno mengine, maji yanayopita Afungi leo ndiyo yatakayopita Mtwara, Kilwa na Unguja. Tena kina ni kirefu karibu na nchi. Unavua juu ya mwamba wa pima kumi, na ukiendelea kidogo kwenda mashariki bahari inaanguka mamia ya mita. Ndiyo maana samaki wa mwambani kama chewa na changu, na wapitao kama nguru, kolekole na jodari, hukutana sehemu moja.

Tulipofika mbali kiasi mzee alinyamaza. Alianza kutazama nchi kavu, mara kushoto mara kulia, akipiga kasia taratibu kwa kurudi nyuma. Mimi niliona maji tu, sawa kila upande. Yeye alikuwa akitafuta alama. Kitu kimoja cha mbali lazima kikae juu ya kitu kingine cha karibu, na upande wa pili vitu vingine viwili vikae vilevile. Alama hizo mbili zikikutana, mwamba uko chini yako. Ukikosea kwa urefu wa ngalawa mbili unavua mchanga.

"Sasa," alisema, na mtoto akatosa nanga ya jiwe. Nilishusha mshipi na chubwi likagonga kitu kigumu. Mahali pengine popote mita chache kutoka pale pangekuwa mtupu.

Nilishangaa mno, na kwa tabia ya kazi yangu nikatoa daftari kuandika zile alama. Mzee aliweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Hilo usiandike, mwanangu. Mwamba ukiandikwa gazetini hauna chewa tena."

Alieleza kwamba mwamba ule alionyeshwa na baba yake, naye baba yake alionyeshwa na mjomba wake. Alikuwa na miamba mingine kadhaa, kila mmoja na alama zake, msimu wake na samaki wake. Mtoto aliyekuwa omo alikuwa amekwisha kushika minne. Mzee alimtaka azitaje alama za mmoja wao, naye akazitaja kama anayesoma chuoni, bila kupepesa.

Chewa habishi hodi

Kila samaki ana namna yake ya kugusa ndoana, na raha ya mshipi wa mkono ni kwamba habari zote zinakufikia kidoleni. Changu hudonoa kama kuku. Tasi hugusa na kuacha, ukadhani ni mawazo yako. Kolekole huondoka nao kama mwizi aliyeiba mkoba. Chewa habishi hodi. Yeye havui kwa mbio, huvizia. Chakula kikipita mbele ya pango hufunua mdomo wake mkubwa kwa ghafla, na maji huingia kwa kishindo pamoja na kilichomo. Kwako wewe juu, ni kama mshipi umefungwa kwenye mwamba na mwamba umeanza kutembea.

Aliyenigonga wa kwanza sikumwona. Nilikuwa nikimsimulia mtoto habari za taa za Dar es Salaam. Mshipi uliteleza mkononi pima mbili, ukasimama, kisha ukalegea. Nilipouvuta juu ulikuwa umekatwa na tumbawe, na kidole changu kilikuwa kimechanika kwa sababu mpira nilikuwa nimeuweka mfukoni. Hapo ndipo mzee alipocheka.

Kisha alinifundisha. Ushindi kwa chewa ni katika pima mbili za kwanza. Akishika, usifurahi wala usiite mtu, vuta. Akiwahi kurudi pangoni atatanua mashavu na mapezi yake, atajikaza kwenye kuta za pango, na hapo hata watu watatu hawamtoi.

Wa pili alinigonga jua likiwa limepanda. Nilivuta kama nilivyoelekezwa, nikapata pima moja, nikapata nusu nyingine, kisha akanishinda nguvu na kuingia ndani. Mshipi ulikaza kama waya. Nilijua nimeshindwa na nikaanza kuvuta kwa hasira.

"Mlegezee," mzee alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mlegezee. Ukimvuta anajua upo. Mwache adhani umeondoka. Pale si mahali pa kukaa na ndoana mdomoni, atatoka mwenyewe."

Nililegeza. Tukakaa. Mtoto alikula embe bichi lenye chumvi na pilipili, mzee alifumba macho kama anayesinzia, na mimi nilishika mshipi kwa vidole viwili nikijaribu kusikiliza kitu kilichokuwa pima kumi na mbili chini yangu. Sijui tulikaa muda gani. Hakukuwa na sauti isipokuwa maji yakigonga mbao. Nakumbuka niliacha kumfikiria samaki, nikaacha kufikiria makala niliyopaswa kuiandika, nikabaki nakitazama kidole changu.

Kisha mshipi ukasogea. Kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango kuchungulia nje.

"Bado," mzee alisema bila kufumbua macho.

Ukasogea tena, safari hii kwa uzito.

"Haya!"

Nilivuta kwa mikono, kwa mgongo na kwa meno. Alipotoka pangoni alipigana, lakini alikuwa amekwisha kufanya kosa. Kila pima aliyopanda nguvu zake zilipungua. Kwanza nilimwona kama kivuli chekundu, kisha kama mto wa kulalia, kisha mdomo ule ukatokeza juu ya maji ukiwa wazi kiasi cha kuingiza kichwa cha mtoto. Mzee alimshika mashavuni akamwingiza ngalawani. Baadaye mizani ya sokoni Palma ilisema kilo 14.

Nilitaka kushusha mshipi tena papo hapo. Mzee alikwisha kuanza kuvuta nanga.

Kanuni yake ilikuwa kwamba katika pango moja hutolewa chewa mmoja, kisha mwamba huo hupumzishwa mpaka mwezi uandame mara mbili. Niliuona kuwa uzito wa wazee kupenda kukatazakataza. Miaka mingi baadaye, niliposoma yanayojulikana na wataalamu wa samaki, nilimwelewa. Chewa hukua polepole na huishi miaka mingi. Wale wa jamii kubwa kabisa huweza kupita mita mbili kwa urefu na kilo 300 kwa uzito. Tena karibu wote huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka kuwa madume wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa. Wavuvi wakiondoa wakubwa wote kwa pupa, wanaobaki hawana dume. Sehemu nyingi za dunia chewa wamekwisha kwa namna hiyo, na kwetu pia mabomu ya baruti yameua miamba mizima.

Tulirudi na upepo wa mchana, tanga limejaa, mzee akiimba kwa sauti ndogo. Jioni ile tulikula kichwa cha chewa kwa mchuzi wa tui na ndimu, pamoja na wali na embe, tumekaa juu ya jamvi nje ya nyumba, bahari ikisikika gizani hatua chache kutoka pale. Mke wa mzee alinipa shavu la samaki, sehemu ya mgeni. Niliapa kwamba ningerudi kila mwaka.

Bahari isiyo na alama

Sikurudi. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani ilitangaza kugundua gesi nyingi chini ya bahari ya mbali mbele ya Palma. Rasi ya Afungi ikachaguliwa kuwa mahali pa kujenga kiwanda cha kuigeuza gesi hiyo kuwa kimiminika, katika eneo lipatalo hekta 7,000. Mwaka 2019 uamuzi wa kuwekeza ulipitishwa, mradi wa dola bilioni 20 hivi, na mwaka huohuo Total ya Ufaransa ilichukua nafasi ya Anadarko. Watu wa kijiji cha Quitupo na makazi ya jirani walianza kuhamishiwa Quitunda, kijiji kipya cha nyumba za matofali.

Wakati huo moto mwingine ulikuwa umekwisha kuwaka. Oktoba 5, 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, kusini mwa Palma, na vita vikaenea mkoani. Machi 24, 2021 walishambulia Palma yenyewe. Watu wengi waliuawa na maelfu walikimbia, wengine kwa miguu msituni, wengine kwa boti hadi Pemba. Ujenzi ukasimamishwa. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC yaliingia mwaka huohuo. Wakazi walianza kurejea kidogo kidogo, na mwishoni mwa mwaka 2025 TotalEnergies, kama Total inavyoitwa sasa, ilitangaza kuondoa zuio lililousimamisha mradi tangu Aprili 2021.

Hayo ndiyo yaliyo katika magazeti. Mengine nilielezwa na yule mtoto aliyekula embe omo.

Ni mtu mzima sasa, ana watoto wawili. Alinipigia simu kwa mara ya kwanza mwaka 2021 kutoka Pemba, kwa namba niliyomwachia babu yake katika karatasi miaka kumi na miwili kabla. Mwaka 2024 alikuja Mtwara kununua mishipi na ndoana, akalala kwangu. Babu yake alifariki mwaka 2018, kitandani kwake, bahari ikisikika. Siku ya shambulio kijana alikimbilia Quitunda na familia yake, wakalala nje siku kadhaa, kisha wakapata boti.

Nilimwuliza maisha ya Pemba yalikuwaje, nikitarajia habari za njaa na mahema. Hizo alizisema kwa ufupi. Alichokieleza kwa kirefu kilikuwa kingine. Wavuvi wa kule walimpokea vizuri na wakampa nafasi ngalawani. Lakini alipofika baharini hakuwa na kazi.

"Nilikaa kama mzigo, ami," aliniambia. "Bahari ni ileile, samaki ni walewale, lakini sikuijua alama hata moja. Kwetu nafumba macho najua nilipo. Kule nilikuwa kipofu."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Mtu akihamishwa, kwa vita au kwa maendeleo, kuna vitu ambavyo vinaweza kuhesabiwa: nyumba, minazi, mikorosho, ngalawa, nyavu. Vinaandikwa kwenye fomu na vinaweza kulipwa. Alama za mwamba hazina mstari kwenye fomu. Hazibebeki kwenye boti la kukimbilia, na ukizifikisha salama ugenini hazikufai kitu. Nami sikuzielewa mpaka nilipomsikia yeye. Nilidhani siku ile nilifurahi kwa sababu ya samaki wa kilo 14. Kumbe nilifurahi kwa sababu nilikaa saa chache na watu waliokuwa wakijua kwa hakika mahali walipo.

Kijana alirudi Palma mwaka 2022. Kuvua kumekuwa na masharti yake. Kuna sehemu za bahari wasizoruhusiwa kukaribia, na zimekuwapo nyakati ambapo vikosi vya usalama viliwazuia wavuvi wa pwani ya Cabo Delgado wasitoke kabisa. Jamaa zake waliohamia Quitunda wana nyumba nzuri na umeme, anasema, ila usiku hawaisikii bahari, na mtu wa mshipi asiyeisikia bahari hajui kama leo atoke au alale.

"Na ule mwamba?" nilimwuliza.

Alitabasamu. Alisema siku ya kwanza aliyopata kwenda alizunguka asubuhi nzima asiupate, kwa sababu alama moja kati ya zile nne haipo tena. Akarudi mara ya pili, ya tatu, akishusha chubwi na kupandisha, mpaka siku moja likagonga pagumu. Akainua macho kutafuta kitu kipya cha kuweka juu ya kingine, na akakiona: mnara mrefu wa chuma uliosimama upande wa kambi, wenye taa nyekundu.

"Unaonekana hata alfajiri," alisema. "Babu angeutumia."

Mwanawe wa kwanza ana miaka minane. Amekwisha kumfundisha miamba miwili. Nilimwuliza walipata nini siku ile. Aliniambia walipata chewa mmoja, kisha wakavuta nanga.

Msomaji wangu anayependa kuvua labda angetaka kujua mwamba huo uko wapi hasa. Alama zake zote nne ninazo, tatu za zamani na moja mpya, kwani kijana alinitajia kabla ya kuondoka, akiniona mtu wa nyumbani. Sitaziandika hapa. Mzee aliweka kiganja chake juu ya daftari langu mwaka 2009, na kwangu mimi hajakiondoa.